Mashine ya kunyolea: meno, javeli na vipele vya kisogo

Saluni nyingi za Goma, kuanzia Birere mpaka Ndosho, ni kibanda cha mbao, kioo, kiti na mashine moja inayozunguka vichwa tangu asubuhi. Vipele vingi ambavyo wateja wanasingizia sabuni au maji vinaanzia kwenye mashine hiyo.

Tuanze na meno. Ya chini hayatembei, yanagusa ngozi. Ya juu yanatembea na kukata. Ya juu yakae nyuma kidogo, kati ya nusu milimita na milimita moja. Yakilingana na ya chini, mstari unatoka mkali jinsi vijana wanavyoupenda, lakini ngozi inakwaruzika. Yakivuka, yanakata nyama. Ukishakaza skrubu, jaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe.

Mashine ya sumaku, ile inayotetemesha meno kwa koili ya umeme, ikiwa imetengenezwa kwa volti 120 za Marekani usiichomeke kwenye 220 za hapa, koili itaungua. Na hata iliyo sahihi hulia kakakaka umeme unapobadilika, mfano mnapohamia kwenye jenereta. Tafuta skrubu ndogo ya ubavuni, izungushe kuelekea kulia mpaka kelele isikike wazi, kisha irudishe polepole mpaka inyamaze.

Mafuta ni matone mawili au matatu ya mafuta mepesi ya mashine, meno yakiwa yanatembea, kisha unafuta. Mafuta ya kupikia hapana. Yanaganda, yanashika nywele pamoja na lile vumbi jeusi la lava tunalolijua wote, meno yanapata moto na kuanza kung'oa nywele badala ya kuzikata.

Sasa usafi, na hapa naomba vinyozi wasikilize vizuri. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi siku 7 kwenye kitu kikavu, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuvipitisha. Kumwagia meno pombe na kuwasha kiberiti hakutoshi: moto wa sekunde chache haufiki katikati ya meno. Zima mashine, chomoa waya, fungua meno, piga brashi, osha kwa maji na sabuni. Uchafu ukibaki, klorini inaishia kwenye uchafu. Kisha loweka kwenye javeli, ile dawa ya maji yenye klorini. Soma maandishi ya bidoni: ikiandikwa 5%, changanya kopo 1 la javeli na makopo 9 ya maji baridi, upate 0.5%. Dakika 10, basi. Ukizidisha chuma kinashika kutu. Suuza, kausha, tia mafuta. Yale maji ya klorini ya kunawia mikono tuliyoyazoea wakati wa Ebola ni 0.05%, dhaifu mara kumi, hayafai kwa meno. Mchanganyiko utengenezwe upya kila asubuhi, na usiuchanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Mwili wa mashine unafutwa kwa kitambaa chenye pombe ya 70%, hauchovywi. Nunua seti mbili za meno, moja ilowe wakati nyingine inafanya kazi.

Vipele vya ndevu vina sababu yake. Nywele iliyojikunja ikikatwa chini kabisa, ncha yake inachongoka, inajipinda na kuingia tena ndani ya ngozi, nayo ngozi inapigana nayo kama mwiba. Kwa hiyo usivute ngozi, fuata nywele zinakoelekea, acha angalau milimita 1. Mwenye vipele tayari aachane na wembe.

Kisogoni hatari ni kubwa zaidi, maana vipele vikirudiarudia vinageuka makovu magumu yanayoota na kuua nywele. Mteja wa namna hiyo mwekee kwenye mashine kitana namba 1, kinachoacha milimita 3, na usimchongee mstari wa chini. Kukiwa na usaha, usinyoe. Mwelekeze kituo cha afya. Kutumbua kwa pini kunasambaza tu.

Mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele na magamba huenda ana mapunye. Pomada, yaani dawa ya kupaka, peke yake haifiki kwenye shina la nywele. Inahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kama griseofulvini, kwa kipimo cha muuguzi au daktari. Taulo na kitana alivyotumia vioshwe pia kabla ya mteja mwingine kukaa.