Dar hadi Marangu kwa supu, mtori na mbege

Kutoka Dar es Salaam hadi Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, ni zaidi ya kilomita 500, na wengi huzimaliza kwa chipsi kuku zilizopoa kwenye kituo cha mabasi. Barabara hii ina chakula kizuri, ila kila kitu kina saa yake. Ukikosea saa, utalaumu mpishi bure.

Ondoka saa 11 alfajiri ili usimame Chalinze au mbele yake kidogo kwa supu. Supu ya mbuzi au makongoro huwa imekaa motoni tangu usiku, na wateja wa kwanza ndio wanaopata mchuzi mzito. Kuanzia saa 4 sufuria linaongezwa maji, nyama zilizobaki ni mifupa, na chumvi ndiyo inayobeba ladha. Agiza na chapati, kamulia ndimu, pilipili iwe pembeni.

Korogwe na Mombo ndipo mabasi yanapopakua abiria wote kwa pamoja. Kwa hiyo chipsi hukaangwa mapema na kurundikwa zikingoja basi. Ukiwa na gari lako, agiza kitakachopikwa ukiwepo, au kinachovumilia kukaa jikoni: wali na maharage havikuangushi. Mombo nunua pia matunda yanayoshuka kutoka Lushoto, peasi na plamsi hasa, lakini bonyeza ya chini ya fungu, maana ya juu yamepangwa kwa ajili ya macho yako. Kuanzia hapo hadi Same joto ni kali. Maji ya kutosha, bia hapana. Kwenye vijiji vyote mwendo ni kilomita 50 kwa saa na tochi za trafiki za kupimia mwendo zipo.

Himo unakata kulia kupanda Marangu. Hapa ndipo safari inapolipa.

Anza na mtori. Mzuri hupikwa kwa ndizi mbichi za mshare na nyama yenye mfupa: nyama ichemke hadi ilainike, ndizi zilizomenywa ziive ndani ya supu ile ile, kisha zipondwe kwa mwiko. Ukiusikia utamu, ndizi zilianza kuiva. Ukivutika kama uji wa unga, huenda umeongezwa unga kweli. Kisusio, supu ya damu na mifupa, kula tu mahali palipochinjwa siku hiyo hiyo; damu haingoji. Nyama choma ichague ikiwa mbichi, ipimwe mbele yako, na uhesabu angalau dakika 45. Ikija baada ya dakika 15, ilishachomwa zamani ikapashwa tu.

Mbege ndiyo bia ya hapa, na kazi yake si ndogo. Ndizi zilizoiva huchemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu-kahawia, zikapoa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zikachujwa. Kando, ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, hupikwa uji. Kuoteshwa huko ndiko kunakougeuza wanga wa ulezi kuwa sukari. Asiyeotesha vizuri anapata kinywaji kizito kisicho na nguvu. Vikichanganywa huchacha tena, na magome ya msesewa huongeza uchungu. Msesewa ukizidi, uchungu unabaki kooni na huonji ndizi wala ulezi.

Fika kilabuni alasiri, msalimie mwenye kilabu (mkubwa wako, shikamoo kwanza), uliza imechanganywa lini, uombe kuonja kabla ya kujaziwa kata. Ya leo ina povu linalopanda taratibu, utamu kidogo na uchachu kidogo. Ya juzi ni chachu kama siki. Wenyeji wapo wanaoipenda hivyo; tumbo la mgeni halitaipenda. Makapi ya ulezi yanayoelea si uchafu. La kuogopa ni maji ya kuchujia, kwa sababu hayo mara nyingi hayachemshwi. Uliza yametoka wapi, bila aibu.

Nguvu yake usiipime kwa ladha: inaendelea kuchacha, hivyo kata ya jioni inaweza kuwa kali kuliko ya mchana kutoka pipa lile lile. Dereva asiguse, au mlale huko huko. Na ukikaribishwa gongo, kataa. Ni haramu kisheria, na huwezi kujua kwa macho kilichomo.

Wanaotaka kurudi na mbege Dar, fikirini tena. Ukiifunga kwenye chupa, hewa inajaa na chupa inaweza kupasuka garini. Kidumu kilichojazwa nusu na kifuniko kilicholegezwa kitakufikisha Moshi mjini bila kumwagika sana. Dar itafika siki.