Jinsi nilivyoiamsha kompyuta yangu bila kufuta chochote

Umeme ulikatika hapa Mwanga, Kigoma, usiku wa Jumapili, na ukakaa muda mrefu kuliko UPS yangu, betri ya akiba ya kompyuta, inavyoweza kustahimili. Asubuhi nilipofungua steshenari, kompyuta yenye mfumo wa Debian (aina ya Linux), ambamo nimehifadhi mitihani yote niliyowachapia walimu tangu Januari, iliwaka kisha ikasimama kwenye mstari mmoja uliokuwa ukihesabu sekunde hadi 90. Baada ya hapo ilitangaza hali ya dharura, na papo hapo ikaeleza kwamba akaunti ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mfumo, imefungwa. Kila nilipobonyeza Enter, maneno yale yale yalirudi.

Fundi niliyemwita hakukaa hata robo saa. “Dada, umeme umeunguza diski,” alisema. “Tufute kila kitu tuweke mfumo upya, si una nakala kwenye ile diski ya nje?” Alitaka elfu thelathini na kitu, mbali na nauli ya bodaboda kutoka Gungu. Bei haikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba hakusoma hata neno moja kati ya yale yaliyoandikwa kwenye skrini.

Mimi niliyasoma. Niliwasha tena, nikaupiga picha kwa simu ule mstari uliokuwa ukihesabu, na jambo hilo namshauri kila mtu alifanye kabla ya kugusa chochote. Mstari ulitaja UUID, yaani namba ya utambulisho ya sehemu ya diski, yenye herufi na tarakimu 32 zilizotenganishwa kwa vistari. Kumbe kompyuta ilikuwa ikimngoja mtu asiyekuja.

Nilijaribu kwanza chaguo la uokoaji katika menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapoanza kuwaka, lakini lilinirudisha kwenye root ile ile iliyofungwa, kwa kuwa nilipoweka Debian sikuipa root nenosiri. Ndipo nilipobonyeza herufi e kwenye menyu, nikashuka hadi mstari unaoanza na neno linux, nikafuta quiet na mwishoni nikaongeza init=/bin/bash, kisha nikabonyeza Ctrl na x. Sekunde chache baadaye alama ya # ilinitokea, ishara kwamba naweza kuandika amri nikiwa root, na moyo wangu ukatulia, maana diski iliyoungua haiwezi kunifikisha hapo. Nikafungua /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski ambazo mfumo huzifungua unapowaka, kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, nikaiona ile namba ya kwenye picha: ilikuwa ya diski yangu ya nje. Nikaweka # mwanzoni mwa mstari wake ili upuuzwe, nikahifadhi, na nano ikakataa katakata. Nilirudia mara tatu, nikazima, nikaanza safari yote upya, hadi nilipotambua kwamba katika mstari ule wa GRUB sikuwa nimelifuta neno ro, linaloifungua diski kwa kusoma tu. Dawa yake ni amri moja, mount -o remount,rw /, na hakukuwa na haja ya kuzima. Safari hii nano ilikubali. Nikaandika sync ili kila kitu kiandikwe kwenye diski, kisha reboot -f, na kompyuta ikafika hadi mwisho.

Ni systemd, ambayo Debian imeitumia kuamshia mfumo tangu toleo la 8 la mwaka 2015, inayongoja sekunde 90 kwa diski iliyotajwa katika fstab, na isipoipata husimamisha kila kitu, isipokuwa mstari wa diski hiyo uwe na neno nofail. Sasa mstari wangu unalo.

Lakini diski ya nje ilikuwa imechomekwa wakati wote, kwa nini basi haikuonekana? Niliandika blkid, amri inayoonyesha UUID za diski, nikakuta ina namba nyingine, fupi, ya tarakimu na herufi nane tu, na aina ya mpangilio wake wa mafaili ni vfat. Nikampigia simu mdogo wangu wa Ujiji. Alikiri kwamba wiki tatu nyuma, alipoiazima, televisheni yao haikuweza kuisoma, naye akaifomati. Kwa kuwa UPS ilikuwa imeivusha kompyuta kila umeme ulipokatika, haikuwa imezimwa na kuwashwa upya tangu wakati huo, na kosa lile lilikuwa limejificha hadi usiku ule wa Jumapili.

Nakala zote zilikuwa zimefutika. Mitihani ya walimu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya diski ile ile ambayo fundi alitaka tuifute.