Tumbo la kulia chini likiuma, usikubali kuondoka na dozi ya taifodi tu

Jamani leo niongelee kidole tumbo, maana habari ni ile ile kila siku: mtu kaumwa tumbo, kapita duka la dawa, kapita zahanati, kaambiwa ana UTI na taifodi, kapewa sipro na flajili na sindano ya kutuliza maumivu, karudi nyumbani kulala, siku ya tatu au ya nne anakimbizwa hospitali kubwa usiku na kidole tumbo kimeshapasuka. Inaniuma kwa sababu huu ni ugonjwa unaotoa taarifa mapema kabisa, ila taarifa zake tunazipokea kama za kitu kingine.

Kidole tumbo ni kijiutumbo kilichoning'inia pale utumbo mpana unapoanzia, upande wa kulia chini, kirefu kama sentimita 6 mpaka 10 hivi, na kina mlango mmoja tu. Mlango ukiziba, mara nyingi kwa kinyesi kilichokauka au kwa tezi za ndani zilizovimba, bakteria wanazaliana humo, kinavimba, damu inashindwa kupita vizuri kwenye kuta zake na mwisho ukuta unaoza na kutoboka. Ile stori ya mbegu za mapera na mchanga wa kwenye mchele, kweli inatokea lakini ni mara chache sana, kwa hiyo usiseme huwezi kupata kwa vile kwako mnachagua mchele vizuri. Anaweza kupata yeyote, ila wengi wanakuwa na umri wa miaka 10 mpaka 30.

Sasa maumivu yake yana njia. Yanaanza kitovuni au juu yake kidogo, hayaeleweki, mtu anadhani gesi au kile kiporo cha jana. Hamu ya kula inakata, kichefuchefu kinakuja, anatapika mara moja mbili, na hapa angalia mpangilio, mara nyingi maumivu ndo yanatangulia halafu kutapika kunafuata. Baadaye, ndani ya saa 12 mpaka 24 kwa wengi, maumivu yanahamia kulia chini na sasa mtu anaweza kukuonyesha kwa kidole kimoja ni wapi. Chora mstari kutoka kitovuni mpaka ule mfupa wa nyonga unaochomoza mbele upande wa kulia, ugawe mara tatu, ile theluthi ya kutokea kwenye mfupa ndo penyewe. Daktari wa upasuaji wa New York anaitwa Charles McBurney aliielezea sehemu hiyo mwaka 1889 na mpaka leo madaktari wanaanzia hapo hapo. Homa mwanzoni huwa ndogo tu, kwa hiyo usisubiri mtu awake moto ndo ushtuke.

Mdogo wangu alivyoumwa tulimpeleka na bajaji, na barabara ya kwetu ina matuta kama mnavyojua. Kila tuta alikuwa anakunja mguu wa kulia na kushika tumbo, "dada mwambie apite polepole", dereva wa watu alikuwa anatambaa lakini bado. Kumbe hiyo ni dalili kabisa! Mwaka 2012 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa utafiti wa Uingereza, kati ya wagonjwa 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo, 33 walisema waliumia gari lilipopita kwenye matuta. Haimaanishi kila anayeumia kwenye tuta anacho, ila asiyeumia kabisa uwezekano wake unapungua sana. Ni utando wa ndani ya tumbo umeshashika moto, ukitikiswa unalalamika, ndo maana hata kukohoa kunauma. Tulipofika daktari alimlaza, akabonyeza taratibu halafu akaachia ghafla. "Inauma nikibonyeza au nikiachia?" "Ukiachia." Akabonyeza upande wa kushoto, maumivu yakaja kulia. Hapo hata kabla ya maabara alishaanza kuulizia, kwa ajili ya upasuaji, mara ya mwisho amekula saa ngapi.

Turudi kwenye UTI na taifodi, maana hapa ndo watu wanapotea. Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kuwa kimelalia mrija wa mkojo au kibofu, vikakereka, na ukipima mkojo unakuta seli nyeupe kadhaa. Karatasi inasoma UTI, mgonjwa na mhudumu wote wanaridhika. Na kipimo cha Widal, kile cha damu cha taifodi, kinatafuta askari wa mwili, sio mdudu mwenyewe, na huku kwetu watu wengi wameshakutana na wadudu wa jamii hiyo, kwa hiyo kusoma positivu mara moja peke yake haithibitishi kitu. Madaktari wana alama za kukadiria kama ni kidole tumbo, zinaitwa Alvarado, za mwaka 1986, jumla 10: maumivu kuhama, hamu ya kula kukata, kutapika, kuuma kulia chini, kuuma ukiachia, joto, seli nyeupe za damu na kadhalika. Widal haimo kabisa. Utrasaundi inasaidia sana, hasa kwa watoto na wajawazito, lakini isipokiona kidole tumbo haina maana kwamba hakipo au ni kizima, CT skani ndo inaona vizuri zaidi pale inapopatikana.

Wanawake ndo naomba mnisikilize zaidi. Binti akishika tumbo chini, neno la kwanza ni chango, anaitwa bibi aje kumchua. Tumbo la namna hii halichuliwi jamani, na haluli au dawa yoyote ya kuharisha isiguswe, vinaweza kuharakisha kupasuka. Na kipimo cha mimba kifanyike hata kama anaapa hana, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi inauma sehemu hizo hizo na inaua haraka. Watoto wadogo nao hawawezi kueleza, wengi wanagundulika kimeshapasuka, mwambie aruke, akigoma kuruka na amekataa chakula mpeleke. Na mtu aliyekuwa analia kwa maumivu akitulia ghafla bila matibabu usishangilie, inaweza kuwa ndo kimepasuka na presha ya ndani imeshuka, baada ya muda tumbo zima linakuwa gumu na homa inapanda.

Tiba ya kawaida bado ni kukitoa, kwa kufungua tumbo au kwa matundu madogo na kamera, na antibayotiki kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Kama hakijapasuka wengi wanarudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, kikipasuka ni kuoshwa tumbo, dripu za dawa na kulazwa siku nyingi. Dawa za maumivu ukiwa hospitali zisikutie hofu, hazimfichi daktari, shida ni ile sindano ya mtaani inayokulaza nyumbani. Kuna wanaotibiwa kwa antibayotiki peke yake, ila utafiti mkubwa wa Marekani wa 2020, watu wazima 1,552, ulionyesha takriban 3 kati ya 10 waliopewa dawa tu walipasuliwa ndani ya siku 90, na wale walichaguliwa kwa vipimo vya picha. Mimi mahali pasipo na CT wala namna ya kurudi hospitali haraka usiku, nachagua upasuaji.

Mdogo wangu alipasuliwa jioni ile ile, kesho yake manesi wakamnyanyua atembee wodini na kila zamu wanamuuliza kama ametoa hewa. Alikatazwa kubeba ndoo na kucheza mpira kwa wiki kadhaa. Kile walichokitoa kilipelekwa maabara, na hayo majibu wengi hawarudi kuyachukua. Rudini mkachukue, mara chache sana kunakuwa na uvimbe mwingine humo ndani ambao unahitaji kufuatiliwa.