Boma letu la zahanati lilivyoingia kwenye bajeti

Boma, yaani kuta bila paa, lilikaa kwenye lenta miaka mitano, tulishachanga mpaka kuku, popo washahamia, na kila mheshimiwa akija mkutano wa hadhara tunamlilia anajibu "nimelibeba" halafu anapanda gari. Mi nauza duka, siasa siziwezi, ila siku moja nikamfata mtendaji wa kijiji nikamuuliza mbona wametusahau hivi. Akafungua faili: "Mama, kwenye muhtasari wenu zahanati ni namba saba." Aisee niliishiwa nguvu, juu yake hadi uwanja wa mpira upo!

Kumbe kelele za mkutano wa hadhara haziandikwi popote, kinachopanda ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria uitishwe kila miezi 3 na kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu ni mjumbe, sisi tulikuwa hatuendi. Unapitia kamati ya maendeleo ya kata, unaenda halmashauri, wataalamu wanachuja, madiwani wanapitisha, ndo unapelekwa juu. Na Bunge la bajeti ni Aprili, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwahiyo ukija kulia Mei ushachelewa kitambo.

Basi mkutano wa Oktoba nikazungukia kina mama wa kliniki mmoja mmoja, wakajaa. Mzee mmoja akasimama, barabara kwanza, bila barabara mgonjwa atafikaje? Hoja yake ilikuwa nzito tena, sikuwa na jibu zuri sana, nikasema tu barabara hatujaweka hata jiwe ila boma lina nguvu zetu, na serikali humalizia kirahisi kilichoanzwa na wananchi. Tukanyoosha mikono, tukashinda. Kwenye muhtasari tukabandika picha za boma na lile daftari la michango, mpaka kuku wa bibi yangu wamo.

Mwaka wa kwanza tukagonga mwamba kwenye kata, kijiji jirani walikuja na madarasa na ukomo wa bajeti hautoshi wote. Tukarudi Oktoba iliyofuata na karatasi zilezile, ikapita, bati zikaja.

Sahivi nesi yupo ila amepanga chumba kwa watu, so mwaka huu namba moja ni nyumba ya mtumishi. Yule mzee wa barabara salamu yangu haitikii.