Nilipima majani ya mpera, lakini si dawa ya bibi

Bibi yangu wa Pangani huosha vidonda kwa maji ya majani ya mpera. Huchuma majani machanga asubuhi, huyachemsha katika sufuria iliyofunikwa mpaka maji yawe kama chai ya rangi, kisha huyaacha yapoe. Nilipopata nafasi ya kuyapima maabara hapa Tanga mjini, niliyakausha kivulini, nikayatwanga, nikayaloweka katika ethanoli, yaani alkoholi, nikachuja, halafu nikaivukiza ethanoli yote, kwa sababu yenyewe huua bakteria, na ikibaki mti utasifiwa kwa kazi usiyoifanya.

Vipande vya karatasi ya chujio vyenye kipenyo cha milimita 6 nilivichovya katika dawa hiyo, iliyoyeyushwa upya katika kiyeyusho, na kuvipanga juu ya aga, rojo la kukuzia vijidudu, iliyopakwa bakteria. Kesho yake, kwenye sahani ya Staphylococcus aureus, bakteria wa vidonda, dawa ilikuwa imezungukwa na duara safi wasimoota bakteria, jembamba kuliko la antibiotiki; kipande chenye kiyeyusho kitupu hakikuwa na duara lolote. Kwa Escherichia coli, bakteria wa utumbo, sikuona kitu, na hilo halikunishangaza, maana utando wake wa nje huzuia kemikali nyingi kupenya. Kipimo cha kuzuia oksidesheni, yaani uharibifu unaofanana na kutu, kilipendeza macho: zambarau ya DPPH, kemikali ya kipimo hicho, ilififia mpaka njano. Cha uvimbe, kinachotumia ute wa yai uliopashwa moto, nakiamini kidogo, kwa kuwa ute ndani ya chupa si mguu uliovimba.

Nilimpigia bibi simu kumpa habari. Akauliza, “Uliyachemsha, mwanangu?”

Sikuyachemsha. Ethanoli huyeyusha vitu ambavyo maji huviacha majanini, nao moto waweza kuharibu vingine, kwa hiyo nilichokipima hakikuwa dawa yake. Mwaka 1971 Tu Youyou, mtafiti wa China, alifanikiwa kupata dawa ya malaria kutoka mmea wa pakanga baada ya kuacha joto kali na kutumia etha, kiyeyusho kingine, kwa joto la chini, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwake, namna ya kuandaa ndiyo iliyoamua kila kitu, nami niliipita bila kuuliza.

Nimeanza upya na sufuria, kifuniko na majani machanga. Safari hii nitapima maji ya siku ileile na yaliyolala, kwani bibi humwaga yaliyolala, na nataka kujua kwa nini.