Kuisimulia ile siku ya migombani hadi mwisho wake

Kwa muda mrefu nilitibiwa malaria ambayo vipimo havikuiona. Usiku moyo ulikwenda mbio. Mvua ya mawe ikigonga mabati, nilitoka nje na watoto nikitafuta pa kujificha. Zahanati ya hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ilinipa dawa za kichwa, baadaye za usingizi. Mchana nilikuwa wa kukaa tu, sina hamu ya shamba wala ya ibada, na kitindamimba wangu nilishindwa hata kumpakata. Ndugu walinihimiza nisahau. Kusahau ndiyo kazi niliyoifanya kutwa kucha, na ndiyo iliyonichosha.

Mwaka 2012 tulikimbia vita kutoka Rutshuru, mashariki mwa Kongo. Kabla ya kufika Bunagana, mpakani na Uganda, tulijificha migombani, watu wenye bunduki wakipita karibu, nami nikamziba mtoto huyo mdomo kwa kiganja asilie. Niseme mapema: mtoto yu hai, anasoma. Lakini kichwani mwangu siku ile ilikuwa inakatikia hapo, kiganja kikiwa mdomoni mwake, na kila nilipomtazama niliona nimemuua.

Aliyenisaidia ni dada mmoja, mkimbizi kama mimi, aliyefunzwa tiba ya masimulizi. Kwanza alinyoosha kamba sakafuni: ncha moja kuzaliwa kwangu, nyingine, ikiwa bado imeviringwa, siku zijazo. Mema niliyawekea maua, mabaya mawe. Jiwe la migombani nililishika sana kabla ya kuliweka chini.

Kisha tukaanza kusimulia tangu utotoni, kwa mpangilio. Alinieleza kwamba kumbukumbu ina sehemu ya baridi: mwaka, mahali, nani alikuwepo. Ina na ya moto: harufu, milio, hofu, mapigo ya moyo. Jambo likizidi nguvu za mtu, ile ya moto hubaki peke yake bila mwaka wala mahali. Ndiyo sababu mawe ya mvua ya Nakivale yaligeuka risasi za Rutshuru. Kazi yetu ilikuwa kuirudishia kila hofu siku yake na mahali pake.

Tulipofika kwenye lile jiwe alipunguza mwendo. “Mama, ulisikia harufu gani?” Udongo uliolowa. “Na sasa hivi, hapa tulipo, mwili unakuambia nini?” Nilikuwa natetemeka. Nilitaka kuruka nianze habari za mpakani, hakuniruhusu. Aliuliza tu, “Halafu?”

Hapo ndipo sikuwahi kufika. Halafu niliinua kiganja. Mtoto akavuta pumzi, akakohoa, akatafuta ziwa. Nilimnyonyesha palepale hadi giza likaingia, na kesho yake tukavuka tukapokewa Nyakabande, kituo cha kupokea wakimbizi huko Kisoro, Uganda. Hayo yote nilikuwa nayo, ila hofu ilinirudisha nyuma kila nilipoyakaribia. Yule dada hakufunga mazungumzo hadi pumzi zangu zilipotulia.

Usiku uliofuata ndoto zilikuwa mbaya kuliko kawaida. Alikuwa amenionya, kwa hiyo nilirudi. Alinisomea aliyoyaandika, nikamsahihisha, nikaongeza. Kila aliposoma, moyo ulidunda kwa nguvu kidogo kuliko mara iliyopita, hadi ukatulia. Mwisho alinipa maandishi yote, nikayatia sahihi. Ni maisha yangu mazima, na ile siku ni kurasa chache ndani yake.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli waliobuni njia hii, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, walikuwa wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Lakini moja ya majaribio yake makubwa, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalifanyika hapahapa Nakivale kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na washauri walikuwa wakimbizi wenyewe.

Ninachokipinga ni kumsukuma mtu aseme yote mara moja mbele ya umati, kisha aachwe aende nyumbani na moto wake. Hilo linaumiza.

Mgao wa chakula haujaongezeka kwa sababu ya tiba, na mlipuko wa ghafla bado hunishtua. Ila najua niko wapi, na mtoto nampakata. Mume wangu naye ameanza kwenda. Hataki niwepo anaposimulia, nami simuulizi. Namwekea chakula akirudi, maana siku hizo hurudi na njaa.