Henia yangu ya pili, na muwa ulioniachisha sigara

Napakia magunia ya mahindi Busia, upande wa Uganda, na sigara nilianzia hapohapo kwenye maroli. Henia, yaani ngiri, nimepasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilivuta mpaka usiku wa kuamkia upasuaji, kwa sababu wenzangu walinishikilia: "Usiache ghafla, mwili utashtuka, utafia mezani." Ushauri ule unanikasirisha hadi leo.

Nilipozinduka kutoka kwenye nusukaputi kikohozi kikanivaa, makohozi mazito, na kila nikikohoa nahisi nyuzi zinavutwa. Siku ya saba kidonda kikatoa usaha. Jirani yangu wa kitanda, asiyevuta, alishakwenda kwao. Mimi nilisafishwa kidonda karibu miezi miwili, na kabla ya mwaka kwisha henia ikarudi palepale.

Safari ya pili daktari alikataa kunipa tarehe. "Mzee, niletee kwanza wiki nne bila sigara. Ukizidisha, faida ni yako." Akanieleza kwamba moshi una gesi ya kaboni monoksaidi, nayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, nikotini hubana mishipa midogo, kidonda kikakosa chakula. Hiyo gesi hupungua ndani ya siku moja au mbili, ila mapafu na nyama vinataka majuma. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa taarifa mwaka 2020: wanaoacha wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji hupata matatizo machache, na kila wiki ya ziada inasaidia.

Nilijaribu kupunguza, moja tu baada ya chakula. Siku ya nne nilikuwa nimerudi pakiti nzima. Duka la jirani linauza mojamoja, ingawa sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 imekataza.

Ndipo nikagundua kwamba ile hamu haikai, dakika chache tu inapita, na inaanzia mkononi. Nikatafuta kitu cha kushika. Muwa! Unamenya kwa meno, unatafuna, unafyonza, unatema. Pingili haijaisha, hamu imeshaondoka. Mama watoto akawa ananikatia vipande asubuhi, anafunga kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nashinda navyo kazini. Elfu moja, elfu mbili kwa siku, na sigara zilikuwa zinakula zaidi. (Mwenye ugonjwa wa sukari asinifuate hapa, atafune karoti.) Chai ya jioni nilihama kutoka chini ya mwembe wa wavutaji, nikawa nanywea kwa shemeji kinyozi. Wiki ya pili ndiyo ilikuwa kali, nilikuwa nafokea hata watoto.

Nilifikisha wiki sita. Safari hii waliweka wavu wa kushikilia nyama palipopasuliwa, na sikugusa sigara hata nilipotoka, maana kidonda bado kinajenga.

Siku ya kumi sista alitoa nyuzi, akabonyeza pembeni, akaniambia, "Kohoa, mzee." Nikakohoa kwa nguvu zangu zote. Pakavu.